Dereva Aliyeacha Gari Barabarani

Teksi haikuwa imeharibika. Ingekuwa imeharibika, mtu angefungua boneti, angetukana kidogo, maisha yangeendelea. Ilikuwa nzima kabisa na haiendi popote. Mbele yake magari, nyuma yake magari, na ndani ya karibu kila gari kichwa kimoja kikubwa kikitazama saa na kichwa kimoja kidogo kikitazama nje. Kwenye kiti cha nyuma cha teksi alikaa mgeni, begi mapajani, aliyeingia mjini alfajiri ile na asiyejua kushoto wala kulia. Alichojua ni kwamba nyumba ya wageni anayoitafuta iko nyuma ya shule ya msingi, na paa la shule alikuwa akiliona tangu alipoanza kumenya chungwa. Sasa chungwa limekwisha, na paa liko palepale.

Kioo cha dirisha kikagongwa.

"Unakwenda wapi, ndugu yangu?"

Aliyegonga alikuwa mama mnene wa makamo, amevaa koti la kaki la udereva lililopauka mabegani, miguuni raba za kiume. Nyuma yake walisimama watoto wa shule wawili wawili, msururu mrefu, mikoba mgongoni, wote wakimkodolea mgeni macho.

"Nyumba ya wageni, ile ya nyuma ya shule," mgeni alijibu.

"Shuka. Kwa hili gari utafika watoto wakitoka."

Mwenye teksi alichomoza kichwa. "Mama, unaninyang'anya abiria mchana kweupe?"

"Nakuokolea petroli, mwanangu. Tena huyu hakuwa abiria, alikuwa mfungwa."

Watoto wakaangua kicheko. Mgeni alimalizana na mwenye teksi, akashuka, akauliza asimame wapi.

"Kiti cha nyuma," kalisema kwa mamlaka kabinti kamoja kasiko na meno ya mbele. "Na begi ulishike upande wa ndani, lisigonge watu."

"Kabla hatujaondoka," mama alimwambia mgeni, "tazama kule mbele. Unaliona lile lori? Limebeba matofali. Leo wanakuja kuziba lango letu dogo la shule, na tangu alfajiri wamekwama kwenye foleni yao wenyewe." Akacheka kicheko kifupi, cha mtu ambaye hajaamua kama jambo linachekesha. Kisha akanyoosha mkono wa kulia kuonyesha kwamba anaondoka, na watoto wote wakalia kwa midomo kama indiketa: tik-tak, tik-tak, tik-tak. Msururu ukashika njia.

Mtaani humwita Dereva. Jina alilopewa na wazazi limebaki kwenye leseni, na leseni imebaki sandukuni. Watoto wakimfikia kwenye kituo chao asubuhi husema, "Shikamoo, Dereva," naye hujibu, "Marahaba, panda," ingawa hapana cha kupanda isipokuwa barabara yenyewe.

Gari alijifunza ukubwani. Mumewe alikuwa dereva wa malori ya mizigo, mtu aliyelala barabarani zaidi kuliko kitandani kwake. Siku ambazo soko limefungwa, alimpeleka mkewe kwenye uwanja wa soko, akampa usukani, yeye akakaa pembeni akimenya karanga. Wapita njia walisimama kucheka. Mke wa dereva anataka kumkimbia mumewe na lori lake! Yeye alikaza shingo. Injini ikizimika, aliiwasha. Ikizimika tena, aliiwasha tena. Hadi siku moja akalizungusha lile lori uwanja mzima bila kugusa meza ya mtu, akalisimamisha mbele ya waliokuwa wakicheka, akashusha kioo. "Nani anataka lifti?" Hakuna aliyetaka.

Maradhi yalipomchukua mumewe, shemeji yake, mdogo wa marehemu, alikuwa na basi dogo la kupeleka watoto shule. "Shemeji," alimwambia, "ule udereva ulijifunza bure?" Akampa ufunguo. Na kazi ile Dereva aliipenda, hilo hawezi kulificha hata akitaka. Aliwajua watoto kwa sura zao kwenye kioo cha ndani: nani hutapika akikaa nyuma, nani hulia Jumatatu tu, nani humega andazi la mwenzake huku akimwonyesha ndege nje ya dirisha. Kila mmoja alikuwa na kiti chake, na kiti cha mbele kilikwenda kwa zamu. Ole wake mtu mzima angevuruga zamu ile.

Lakini mji ulinona. Kila nyumba ikawa na gari, na kila mwenye gari akaogopa kumwacha mtoto atembee kwa sababu ya magari ya wenzake. Kwa hiyo akamweka mtoto ndani ya lake, na lake likamwogofya mzazi wa nyumba ya pili, naye akafanya vilevile. Safari iliyokuwa fupi ikawa ndefu, kisha ikaacha kuwa safari kabisa.

Siku subira yake ilipokwisha, basi lilikwama kwenye kona ya duka la dawa. Shule ile pale. Kengele ikalia, watoto wakaisikia, na basi halikusogea hata urefu wa kiatu. Kabinti kasiko na meno, wakati ule kakiwa na meno yote, kakauliza kutoka kiti cha tatu. Watoto walikuwa wamekapa jina la Kwani, kwa sababu hakakujua kuanza sentensi kwa neno lingine.

"Dereva, kwani shule si ile pale?"

"Ndiyo ile."

"Kwani miguu yetu ni mibovu?"

Dereva alimtazama kwenye kioo. Akazima injini. Akavuta breki ya mkono, akafungua mlango, akasema, "Shukeni." Ufunguo akauacha ukining'inia palepale. Honi zililia nyuma yake, watu wakamtolea maneno ambayo watoto waliyakariri kwa furaha wiki nzima, naye hakugeuka. Waliingia darasani kabla mwalimu hajamaliza kufuta ubao.

Jioni shemeji alifika mlangoni kwake akitweta. "Umeliacha gari langu katikati ya barabara kama ndala iliyokatika!"

"Halikuwa linakwenda popote, shemeji. Nimeliacha palepale lilipokuwa."

"Basi kesho usije."

"Kesho ningekuja kufanya nini? Kukaa?"

Ulimi ulikuwa mkali, lakini usiku ulikuwa mrefu. Asubuhi aliketi kizingitini na kikombe cha chai kilichopoa, miguu imemvimba kama kawaida ya miguu iliyozoea pedali, akijiambia kwamba sasa amekuwa mama wa kukaa nyumbani na kusubiri watoto wake wa kuzaa wapige simu. Ndipo Kwani akatokea na mkoba wake, mamaye akimfuata nyuma kwa aibu.

"Mama anauliza kama leo unapita."

"Nipite na nini, mjukuu wangu?"

"Si na miguu?"

Dereva aliingia ndani, akatafuta raba za marehemu chini ya kitanda, akazifunga kamba mara mbili. Walipita vituo vyote vya basi, kimoja kimoja. Kabla ya wiki kwisha msururu ulikuwa umejaa, kila mtoto kwenye "kiti" chake kilekile, wakubwa upande wa barabara, wadogo upande wa kuta, na ugomvi wa kiti cha mbele haukupungua hata kidogo.

Na hapo ndipo alipofanya kosa ambalo mtu asiyewahi kushika usukani asingelifanya hata akiwa usingizini. Karibu na shule kuna mtaa wenye kibao cha kukataza kuingia, kwa kuwa magari hutoka upande wa pili tu. Dereva alipofika kwenye kibao, alinyoosha mkono, akakata kushoto, akawapeleka watoto mzunguko mzima: nyuma ya kituo cha mafuta, kupitia mbele ya benki, hadi kwenye mzunguko wa barabara kuu, ambao nao waliuzunguka wote kwa adabu, huku wenye magari wakiwatazama kama watu wanaoona ng'ombe amepanda ngazi. Alifanya hivyo siku ya kwanza, ya pili, na nyingine baada ya hizo. Watoto walifika wakitokwa na jasho, naye miguu ikimshitaki kila jioni.

"Dereva," Kwani alisema asubuhi moja, chini ya kile kibao, "kwani tunazunguka nini?"

"Huoni? Mtaa huu ni wa njia moja."

"Kwani sisi ni gari?"

Dereva alibaki na mkono hewani. Miaka yote kile kibao kilikuwa kwake ukuta. Haikuwahi kumjia kwamba ni bati tu juu ya mti. Alicheka mpaka akaketi kwenye ukingo wa barabara, watoto wakimpiga mgongoni wakidhani amepaliwa. Kisha akasimama, akawapitisha moja kwa moja chini ya kibao, moyo ukimdunda kama mwizi, akisubiri filimbi ya askari. Filimbi haikulia.

Mtaa ule uliwafikisha kwenye kichochoro, kichochoro kikawafikisha kwenye ua wa fundi seremala, na ng'ambo ya ua, baada ya mtaro, kulikuwa na lango dogo la shule, la chuma, la kupita mtu mmoja. Fundi seremala aliwapokea kwa randa mkononi. "Hapa karakana! Uwanja wa mpira uko kwingine!" Aliwafukuza siku mbili. Siku ya tatu wakakuta ameweka ubao mpana juu ya mtaro, ameupiga msasa, na pembeni ameufungia mti wa kushikilia. "Msije mkafikiri ni kwa ajili yenu," alisema bila kuinua kichwa. "Mlikuwa mnakanyaga mbao zangu."

Hivyo ndivyo walivyoishi, hadi muhula huu. Mwalimu mkuu mpya akaja, na kamati ya wazazi ikampokea na ombi: uwanja wa nyuma upanuliwe magari yapate pa kugeuzia, na lango dogo lizibwe. Wiki iliyopita likafungwa kufuli kwa nje. Watoto wa Dereva wakalazimika kuzungukia lango kubwa, katikati ya magari yanayorudi nyuma bila kutazama, na juzi kioo cha pembeni cha gari moja kikaunasa mkoba wa Kwani, kikamburuta hatua kadhaa kabla mwenye gari hajasikia makelele. Mkoba ulichanika. Mtoto hakuumia. Lakini mama zao wameanza kusema, kwa sauti za chini, kwamba bora warudi kwenye basi la shemeji. Lango likizibwa, msururu umekufa. Hilo halikuhitaji kuelezwa mara mbili.

Dereva alikuwa amekwenda ofisini kusema. Mwalimu mkuu alimpa kiti, akamsikiliza mpaka mwisho, akamwambia: "Mama yangu, nina mlinzi mmoja na malango mawili. Niambie wewe nifanye nini." Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomkera Dereva zaidi. Utagombanaje na mtu anayekupa kiti?

Sasa msururu ulikuwa ukipita kandokando ya foleni, mgeni mkiani na begi lake. Basi dogo lilikuwa limekwama kando ya duka la dawa, palepale lilipokwama siku ile. Shemeji aliliendesha mwenyewe siku hizi. Madereva wengine aliowaajiri hawakudumu. Alipomwona Dereva akapiga honi.

"Shemeji! Umeishiwa petroli?"

"Nimekunywa chai ya maziwa, inatosha. Wewe je, shemeji? Umefika wapi tangu tulipoachana?"

"Cheka tu. Kesho hao watoto wote watakuwa humu."

Dereva alijua hilo ni kweli. Aliongeza mwendo. Walilikaribia lori la matofali, dereva wake amelala mikono juu ya usukani. Na nyuma yake kabisa, ndani ya gari dogo jeupe, aliketi mwalimu mkuu, simu sikioni, akimwambia mtu kwamba anafika sasa hivi; mumewe alishika usukani. Dereva akainua kiganja; msururu ukasimama. Akagonga kioo.

"Shikamoo, mwalimu!" watoto walipiga kelele kwa pamoja.

"Marahaba." Mwalimu mkuu alishusha kioo nusu. "Mama, tafadhali, si sasa. Nina wageni wa wizara ukumbini, na kengele inakaribia kulia."

"Ndiyo maana nakugongea. Matofali yako hayo mbele yako, nayo yamechelewa shule kama wewe. Shuka."

Mume wa mwalimu mkuu alijitia kuangalia kioo cha pembeni, lakini mashavu yalikuwa yakimtetema. "Nenda, mke wangu," alisema mwishowe. "Mimi nitakuja nikifika."

Mwalimu mkuu alishuka na mkoba wake, akaenda moja kwa moja mbele, kama mtu aliyezoea kwenda mbele. Kwani hakusogea.

"Mwalimu, mbele ni zamu yangu."

Mwalimu mkuu alimtazama yule mtoto, akautazama mkoba wake ulioshonwa kwa uzi wa rangi nyingine, akarudi nyuma, akasimama karibu na mgeni.

"Na wewe ni nani?" alimuuliza.

"Abiria," mgeni alijibu.

Walipita chini ya kibao. Walipita kichochoro, wakaukata ua wa fundi seremala, maranda yakinasa kwenye viatu vya mwalimu mkuu, wakavuka ubao mmoja mmoja. Mbele ya lango dogo Dereva akasimama. Kufuli lilining'inia kwenye pete zake, jipya, linameremeta. Ufunguo ulikuwa kwenye mkoba wa mwalimu mkuu. Alikuwa ameuchukua kwa mlinzi ili amfungulie fundi mwashi.

"Tuzunguke lango kubwa," mwalimu mkuu alisema kwa upole.

"Hapa ni kituo cha mwisho. Gari hili halina rivasi."

"Mama, usinifanyie hivi mbele ya watoto."

"Mbele yao ndipo ninapofanyia kila kitu, mwalimu. Sina ofisi."

Ng'ambo ya ukuta kengele ililia. Kutoka upande wa lango kubwa zilisikika honi, moja ndefu, nyingine zikiijibu. Mwalimu mkuu alizisikiliza. Alifungua mkoba, akatoa ufunguo, akafungua kufuli. "Leo tu," alisema.

Watoto wakaingia mmoja mmoja, wakikimbia kabla mtu hajabadili mawazo. Kwani alikuwa wa mwisho, maana wa kiti cha mbele ndiye hushuka mwisho.

"Sasa nikuulize," mwalimu mkuu alisema walipobaki watu wazima. "Leo umeokota mtu barabarani usiyemjua, ukampitisha hadi kwenye lango la shule yangu. Huyu hapa, na begi. Mlinzi wangu yuko upande wa pili. Ndivyo niwalinde watoto?"

Dereva alimtazama mgeni, mgeni akatazama viatu vyake. Neno lilikuwa limemchoma, na lilikuwa la haki.

"Umenishika," alisema. "Sitaokota tena. Mgeni, nisamehe, lakini begi lako lingeweza kuwa na chochote."

"Mimi niko hapa kutwa," sauti ya fundi seremala ilitoka nyuma ya ubao aliokuwa akiupiga randa. "Nikiinua kichwa naliona hilo lango. Sina kingine cha kutazama."

"Na ukienda kula?"

"Nala hapahapa. Mke wangu analalamika kila siku, muulize."

Dereva akasogea langoni. "Komeo lipo kwa ndani, mwalimu, naliona. Watoto wakishaingia, fungeni, hata mlipigilie misumari mpaka saa ya kutoka. Lakini kufuli hili la nje halikuwekwa kuzuia mwizi. Liliwekwa kutufungia sisi." Akalichomoa kufuli kwenye pete, akalipima kiganjani kama mtu anayepima nyanya, akalitia kwenye mfuko wa koti la kaki.

"Hilo ni la shule!"

"Najua. Na basi lilikuwa la shemeji."

"Kamati ilikwishapitisha, mama. Nitawaambia nini?"

"Waambie waje tuzungumze, nyumbani kwangu wanapajua. Ila waje kwa miguu. Wakija kwa magari watanikuta nimezikwa."

Mwalimu mkuu alijikaza asicheke, na hakufaulu sawasawa. "Na lori likifika?"

"Likifika, mwambie fundi mwashi aniite kabla hajachanganya saruji. Nitakuja nisimame hapo katikati ya lango, yeye ajenge kunizunguka. Kesho asubuhi watoto watapita juu yangu."

Hakusubiri jibu. Aligeuka, akavuka ubao kwa uzito wake wote, mti wa kushikilia ukalia, fundi seremala akasema, "Polepole, utanivunjia," naye akamwambia atengeneze mwingine mnene zaidi maana kesho anapita tena. Kufuli lilimgonga ubavuni kwa kila hatua. Mwilini alijisikia kama siku ile ya uwanja wa soko, miguu inauma, shingo imekaza.

Mgeni alibaki pale na begi lake. Nyumba ya wageni ilikuwa hatua chache tu kushoto, lakini hakuiendea. Mwalimu mkuu naye alikuwa angali kwenye lango, mguu mmoja ndani, mmoja nje, ufunguo mkononi usio na cha kufungua. Mbali, upande wa duka la dawa, honi nzito ya lori ililia, ikanyamaza, ikalia tena palepale.

Mwisho wa kichochoro Dereva alinyoosha mkono wa kushoto kuonyesha anakata kona, ingawa nyuma yake hapakuwa na mtu, akapotea.